Tuelewe kitu kabla ya kukipa jina

Katika kitivo chetu kuna hoja isiyochoka kurudi: Kiswahili hakibebi sayansi kwa sababu hakina maneno yake. Mfano unaopendwa ni theluji. Nani atafundisha kwa Kiswahili hesabu ya theluji inayorundikwa na upepo juu ya paa, wakati Kifaransa kina neno lake, congère, nasi hatuna? Naona tatizo liko pengine. Tunakimbilia jina la kitu tusichokielewa.

Tukielewe basi. Chukua majengo mawili yaliyoshikana, moja refu, jingine fupi, yote yenye mapaa bapa. Upepo hufagia theluji ya paa la juu. Ukishavuka ukingo hupungua nguvu na kuiangusha kwenye paa la chini, kando ya ukuta. Rundo hilo lina umbo la pembetatu: nene ukutani, jembamba kadiri unavyosogea mbali.

Kanuni za ujenzi za Ulaya zinalihesabu hivi: jumlisha upana wa mapaa mawili, kisha gawa kwa mara mbili ya tofauti ya kimo. Paa la juu likiwa na mita 14, la chini mita 10, na tofauti ya kimo mita 4, tunagawa 24 kwa 8 na kupata 3. Hiyo 3 inazidishwa na uzito wa theluji ya ardhini ya mahali hapo. Ukiwa kilo 100 hivi kwa mita ya mraba, basi ukutani paa linabeba kilo 300. Mzigo unashuka polepole hadi kilo 80 za kawaida, umbali wa mita 8 kutoka ukutani. Kanuni zinaweka pia kikomo, kwa kuwa rundo haliwezi kupita kimo cha ukuta wenyewe.

Mpaka hapa sijahitaji congère.

Sasa tutafute jina. Wengi watasema «mrundikano». Lakini tazama mnyambuliko: rundo, rundika, rundikana. Katika rundikana vitu vinajikusanya, na mtendaji amepotea. Katika hesabu yetu mtendaji ndiye kiini: theluji iliyoanguka tu hulala sawasawa, ile iliyoletwa na upepo huegemea ukuta. Napendekeza «mrundiko wa upepo». Neno hilo litafaa pia kwa vumbi na mchanga, vitu ambavyo kila mmoja wetu amevifagia wakati wa kiangazi.

Kuna watakaouliza theluji inatuhusu nini. Nchi yetu ina theluji yake juu ya Rwenzori. Tena wasemaji wa Kiswahili wanaishi na kufanya kazi chini ya mapaa ya Kanada na Ubelgiji. Mwaka 2006, katika eneo la Katowice, Poland, paa la ukumbi wa maonyesho lilianguka kwa uzito wa theluji na makosa ya usanifu. Watu 65 walikufa. Anayepaswa kujua ni wapi paa limelemewa hasaidiwi na neno zuri lisilomwonyesha upepo.

Kwa hiyo ombi langu kwa walimu na wenzangu ni dogo: semina zetu za istilahi zianze kwa kumwita mhandisi atueleze kazi yake, tumuulize mpaka tuelewe. Kamusi ifunguliwe baadaye.