Kikosi cha wanne, nacho hatukijui

Kijiwe chetu cha kahawa Mtaa wa Msimbazi kinajua yote: nani anasajiliwa Jangwani, nani goti linamsumbua, kocha gani kafungasha virago. Juzi nikauliza, Olimpiadi ya Kimataifa ya Baiolojia mnaijua? Kimya. Mzee mmoja wa Yanga akataka kujua kama inachezwa kwa Mkapa.

Jamani, ilianza 1990 huko Czechoslovakia. Kila nchi hupeleka wanafunzi wa sekondari wasiozidi wanne. Wanne! Hata chandimu hamchezi. Kila mmoja anapiga mtihani wake, wa nadharia na wa maabara, na medali ni yake. Dhahabu ni ya asilimia 10 bora hivi, kisha fedha na shaba, mpaka zaidi ya nusu ya washiriki wanaondoka na kitu shingoni. Nitajieni michuano ya CAF yenye ukarimu huo.

Kazi ipo maabara. Mtoto aliyeiona hadubini kwenye picha tu ni sawa na straika aliyefundishwa penalti ubaoni. Vipaji tunavyo: 2012 Young Scientists Tanzania waliwakusanya wanafunzi na miradi yao ya sayansi Diamond Jubilee, Upanga, si mbali na hapa. Sisi tulikuwa tunabishana offside.

Mwaka 2023 Rais Samia aliweka shilingi milioni 5 kwa kila goli la Simba na Yanga kimataifa. Sikatai, nilishangilia. Ila goli moja la aina hiyo lingenunua hadubini za shule ngapi hapa Kariakoo? Matajiri wa Msimbazi na Jangwani, nani anaanza?