HABARI ZA MILIMANI: Kutangulia Si Kufika

Mwaka wa 1952 ilifunguliwa Loitokitok, chini ya mteremko wa kaskazini wa Mlima Kilimanjaro, shule isiyofanana na shule nyingine zilizokuwako Kenya. Hapakuwa na imla wala mtihani wa hesabu. Vijana walitoka mashuleni na makazini, wakapewa kamba, ramani, blanketi na sufuria, wakafundishwa jinsi ya kuishi mlimani. Waafrika, Waasia na Wazungu waliwekwa katika vikundi vya pamoja, jambo lililokuwa geni katika nchi ambayo watoto wao hawakusoma pamoja. Shule hiyo iliitwa Outward Bound, na ilikuwa ya kwanza ya namna yake katika Afrika.

Mafunzo yalikwisha kwa safari ya kupanda Kilimanjaro, mlima wenye urefu wa futi 19,341. Watu wengi walidhani ya kuwa kijana mwenye miguu yenye nguvu ndiye atakayefika kwanza. Mlima ulionyesha mara nyingi kwamba sivyo. Kijana aliyewaacha wenzake nyuma asubuhi alionekana jioni ameketi juu ya jiwe, ameshika kichwa, hataki chakula wala maneno. Yule aliyekuja nyuma polepole alimpita akaendelea. Wazee walikwisha sema zamani: kutangulia si kufika.

Nguvu Peke Yake Haitoshi

Shule ya Loitokitok ilifuata mfano wa shule iliyoanzishwa Aberdovey, katika nchi ya Wales, mwaka wa 1941. Waanzilishi wake walikuwa mwalimu Kurt Hahn na Lawrence Holt, mwenye kampuni ya meli. Wakati huo wa Vita Kuu ya Pili meli za Waingereza zilikuwa zikizamishwa, na mabaharia wakijiokoa kwa mashua ndogo katika baridi kali. Holt aliona jambo la kustaajabisha. Katika mashua hizo vijana wenye nguvu walikata tamaa wakafa mapema, na wazee waliozoea bahari wakaokoka. Walichokosa vijana hao hakikuwa nguvu ya mwili. Walikosa mazoea ya taabu, subira, na akili ya kutunza nguvu zao hadi msaada ufike. Shule ilianzishwa ili wapate kufundishwa mambo hayo kabla ya siku ya hatari.

Mlimani haja ya mafunzo hayo ni kubwa zaidi, kwa sababu adui wa mpanda mlima haonekani. Adui huyo ni hewa iliyopungua. Hewa ina uzito, na mtu aliye Mombasa hukaa chini ya mzigo wote wa hewa ya dunia. Kadiri apandavyo, ndivyo anavyoacha sehemu ya hewa hiyo chini yake, na ile anayoivuta huwa nyepesi. Akifika futi 18,000, kila pumzi humpa nusu tu ya oksijeni ambayo angeipata pwani.

Mwili wa binadamu waweza kujifunza kuishi na upungufu huo. Mtu hupumua upesi zaidi, moyo hupiga haraka, na baadaye damu yake hubadilika ili ichukue oksijeni kwa wingi. Lakini mwili ni mwanafunzi wa polepole, nao hauwezi kuharakishwa kwa amri wala kwa ujasiri. Mtu anayekimbia maili nyingi kila siku aweza kuugua, na jirani yake mnene asiyekimbia kamwe asiugue. Wala mtu aliyepanda salama mwaka jana hana hakika ya mwaka huu.

Mwalimu Aliyefanya Haraka

Kuna shule nyingine ya milima iliyo mashuhuri duniani, nayo iko Darjeeling, nchini India. Ilifunguliwa mwaka wa 1954, na mkuu wa mafunzo ya nje alikuwa Tenzing Norgay, ambaye tarehe 29 Mei 1953 alisimama juu ya Everest pamoja na Edmund Hillary. Tenzing alianza kazi ya milima kwa kubeba mizigo, na aliyempa kazi hiyo mara ya kwanza, mwaka wa 1935, alikuwa Eric Shipton. Shipton huyo aliwahi kuwa mkulima hapa Kenya. Mwezi wa Januari 1929 yeye na Percy Wyn-Harris, afisa wa serikali, walikuwa watu wa kwanza kufika Nelion, kilele cha pili cha Mlima Kenya. Hivyo mkulima na mtumishi wa serikali walifungua njia hapa, na mchukuzi wa mizigo akawa mwalimu kule.

Mkuu wa kwanza wa shule ya Darjeeling alikuwa Meja Narendra Dhar Jayal, mwanajeshi aliyeijua Himalaya vizuri sana. Mwaka wa 1955 aliongoza msafara wa Kamet, mlima unaozidi futi 25,000. Mwaka wa 1958 Wahindi walikwenda kupanda Cho Oyu, mlima mmojawapo wa ile mirefu kabisa duniani. Jayal alichelewa kuondoka, akaenda kwa haraka ili awafikie wenzake waliotangulia. Aliugua kwa sababu ya urefu wa mlima, akafa huko huko. Wenzake wawili walifika kileleni mwezi wa Mei, naye mwalimu wao hakuwapo.

Habari hiyo haipunguzi heshima ya Meja Jayal. Inaonyesha tu kwamba mlima haumtambui mkubwa wala mdogo. Kanuni aliyoivunja kwa haraka ya siku chache ndiyo kanuni ambayo shule yake iliwafundisha vijana.

Karani Mwenye Likizo ya Siku Nne

Mtu aweza kusema kwamba Himalaya iko mbali na mambo hayo si yake. Lakini Mlima Kenya una hatari ya namna hiyo hiyo, na unajulikana miongoni mwa madaktari kwa wingi wa wagonjwa wenye maji mapafuni. Sababu yake ni ya kushangaza: mlima huo ni rahisi mno kuufikia.

Chukua mfano wa karani wa Nairobi aliyepata likizo ya siku nne. Siku ya Ijumaa asubuhi yuko nyumbani, penye urefu wa futi 5,500 hivi. Barabara ya Naro Moru inapanda hadi Met Station, futi 10,000, na jioni analala hapo bila kutoka jasho. Jumamosi anavuka kinamasi kilicho juu ya msitu, anapita bonde la Teleki, na usiku analala Kambi ya Mackinder, karibu futi 13,800. Usiku wa manane anaamka, na Jumapili alfajiri yuko juu ya Lenana, futi 16,355. Amepanda karibu futi 11,000 kwa muda usiotimia siku mbili. Anadhani ameshinda mlima kwa sababu amefika. Kumbe mwili wake bado uko Nairobi.

Kanuni inayokubaliwa na waganga ni hii: mtu akipita futi 10,000, asilale kila usiku mahali palipozidi mahali pa jana kwa zaidi ya futi 1,600 hivi, na kila baada ya siku tatu au nne apumzike siku nzima. Karani yule angefanya vema kulala siku mbili Met Station, na siku mbili tena Kambi ya Mackinder, kabla ya kujaribu kilele. Kama likizo yake haitoshi, basi likizo ndiyo iongezwe au safari ipunguzwe. Mlima hautaondoka.

Dalili za kwanza ni kuumwa kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya chakula na kukosa usingizi. Mwenye dalili hizo asipande tena mpaka zitakapokwisha. Lakini mtu akikohoa mfululizo na kutweta hata akiwa ameketi, au midomo ikigeuka rangi ya buluu, maji yameingia mapafuni. Akiyumba kama mlevi na kusema maneno yasiyo na maana, ubongo umevimba. Hapo hapana shauri la kungoja kupambazuke. Dawa iliyo kubwa kuliko zote ni kumteremsha mara moja, hata kama ni usiku, wala asiachwe ateremke peke yake. Mara nyingi futi 2,000 au 3,000 tu za kushuka huleta nafuu kubwa.

Msaada Uko Mbali

Asidhani mtu kwamba akipatwa na jambo atachukuliwa upesi. Mwezi wa Septemba 1970 daktari kijana wa Austria, Gerd Judmaier, alianguka karibu na kilele cha Batian akavunjika mguu vibaya. Yeye hakuwa na kosa la haraka. Jiwe alilolishika liling'oka. Mwenzake, Oswald Oelz, aliteremka kutafuta msaada. Watu wa Mountain Club of Kenya na askari wa hifadhi walipanda, na waokoaji wakaletwa kwa ndege kutoka Austria. Rubani wa helikopta, Jim Hastings, alikufa ndege yake ilipoanguka. Judmaier alilala juu ya majabali yale kwa wiki nzima, naye akaokolewa akiwa hai. Basi ajali moja isiyo na kosa iliwatia hatarini watu wengi na ikamwua mmoja. Anayejitakia ajali kwa haraka na afikiri ni nani atakayetumwa kumfuata.

Mchukuzi Naye Ni Mtu

Wakulima wengi wanaokaa chini ya Mlima Kenya na Kilimanjaro hupata fedha za karo na mbegu kwa kubeba mizigo ya wageni. Neno hili ni lao hasa. Watu hudhani kwamba mzaliwa wa mlimani hashikwi na ugonjwa wa urefu. Dhana hiyo si ya kweli. Shamba lake liko chini sana ya barafu, na mapafu yake ni kama ya mgeni. Tena hubeba mzigo mzito, pengine kwa nguo haba, naye huficha maumivu ya kichwa kwa kuogopa kunyimwa ujira. Mwenye msafara amwulize hali yake kila jioni kama amwulizavyo mgeni alipaye, na mchukuzi anayerudishwa kwa ugonjwa alipwe kazi aliyoifanya. Mchukuzi asiyeogopa kusema ukweli huokoa maisha yake na ya wenzake.

Mpanda ngazi hushuka, na mpanda mlima vivyo hivyo. Atakayegeuka futi elfu moja chini ya kilele, akafika nyumbani kwa watoto wake, atapanda tena mwaka mwingine.