Wanane, tiketi moja: nani atapata nafasi ya kumvaa Gukesh?

Ukipita Ngamiani jioni, kwenye zile barabara za namba, hukosi kijiwe cha drafti. Kete ni vizibo vya soda, na waliosimama wanajua zaidi ya waliokaa. Kabla ya kete ya kwanza kusogezwa, ubashiri umeshaanza: huyu leo mwepesi, yule ana hasira, huyu anakula tano bila majibu.

Sasa ubashiri wa aina hiyo umeshika dunia nzima ya chesi, au sataranji kama wengine wanavyoiita. Kuanzia Machi 28 mpaka Aprili 16, 2026, wachezaji wanane watakutana Pegeia, kisiwani Cyprus, kwenye mashindano ya Candidates. Mshindi ndiye atakayecheza na bingwa wa dunia, Gukesh Dommaraju wa India, baadaye mwaka huu. Wa pili anaondoka na pesa na masikitiko.

Mfumo ni rahisi. Kila mmoja anacheza na kila mmoja mara mbili, jumla raundi 14. Ushindi ni pointi moja, sare ni nusu. Wakifungana kileleni, wanamalizana kwa michezo ya muda mfupi.

Wenye majina: Nakamura na Caruana

Kwa karatasi, mkubwa ni Hikaru Nakamura wa Marekani. Ana miaka 38 na ndiye pekee kati ya wanane aliye juu ya pointi 2800 za viwango vya FIDE, shirikisho la dunia. Ameingia kwa tiketi ya viwango, na hapo ndipo kelele zilipoanzia. Ili afikishe idadi ya michezo inayotakiwa, mwaka jana alikwenda kucheza mashindano madogo huko Louisiana na Iowa, dhidi ya watu aliowazidi mbali. Ni kama timu ya Ligi Kuu kwenda kutafuta mabao kwenye ndondo. Kanuni zilimruhusu, lakini wapo waliomsema.

Swali langu kwake ni jingine: mazoezi. Mtu aliyecheza michezo michache migumu ndani ya mwaka, anakuja vipi kukaa wiki tatu na watu wenye njaa?

Mwenzake Fabiano Caruana, miaka 33, hii ni Candidates yake ya sita. Alishinda Berlin mwaka 2018, akaenda London kucheza na Magnus Carlsen, wakatoka sare michezo yote 12 kabla hajafungwa kwenye michezo ya haraka. Toronto mwaka 2024, raundi ya mwisho, alikuwa na Ian Nepomniachtchi mkononi kabisa. Angemmaliza, angefungana kileleni na Gukesh na wangerudiana. Akamwachia, ikawa sare. Jamaa anajua njia ya kwenda na anajua maumivu ya kurudi mikono mitupu.

Kitu kimoja cha kuangalia: wachezaji wa taifa moja hukutanishwa mapema katika kila nusu ya mashindano, ili mwishoni wasije wakabebana. Maana yake Caruana na Nakamura wanavaana mwanzoni kabisa. Atakayefungwa hapo ataanza kukimbiza watu kabla hajapashika.

Vijana: Sindarov na Praggnanandhaa

Javokhir Sindarov wa Uzbekistan ana miaka 20. Novemba mwaka jana, akiwa bado na 19, alibeba Kombe la Dunia huko Goa, India. Kombe lile ni mtoano: ukifungwa unapanda ndege. Alimshinda Wei Yi wa China kwenye fainali baada ya michezo ya nyongeza. Mtu anayevuka mtoano mrefu namna ile si wa kubahatisha.

Praggnanandhaa wa India naye ana miaka 20. Mwaka 2025 alishinda Tata Steel kule Uholanzi, mbele ya Gukesh mwenyewe, na akaendelea kukusanya matokeo mazuri mwaka mzima. Dada yake, Vaishali, naye amefuzu Candidates ya wanawake, inayochezwa hapohapo Cyprus siku zilezile. Walifanya hivyohivyo mwaka 2024, wakawa kaka na dada wa kwanza kufika huko pamoja.

Wengine usiwapuuze

Anish Giri wa Uholanzi aliwahi kutaniwa sana: mwaka 2016 alicheza Candidates akatoka sare michezo yote 14. Lakini Septemba iliyopita alishinda Grand Swiss pale Samarkand, na raundi ya mwisho alikwenda kutafuta ushindi akaupata. Huyu si Giri yule.

Wei Yi ana kipaji kilichosubiriwa tangu akiwa mtoto. Andrey Esipenko wa Urusi aliwahi kumfunga Carlsen mwaka 2021 akiwa na miaka 18. Matthias Bluebaum ni Mjerumani wa kwanza kufika hapa baada ya zaidi ya miongo mitatu. Yeye ndiye anayepewa nafasi ndogo kuliko wote, na pengine ndiye mwenye presha ndogo kuliko wote.

Kwa nini hesabu za viwango hudanganya

Kabla ya Toronto 2024, Carlsen, anayejua mchezo huu kuliko karibu kila mtu aliye hai, alisema haoni Gukesh akishinda. Gukesh alikuwa na miaka 17. Raundi ya saba alifungwa na Alireza Firouzja huku muda ukimwishia, na wengi wakajua safari imeishia hapo. Akamaliza na pointi 9 kati ya 14, mbele ya watu watatu waliokuwa na 8.5. Desemba mwaka huohuo akamvua Ding Liren ubingwa wa dunia kule Singapore.

Hata huyo Ding alifika alipofika kwa mlango wa pembeni. Madrid 2022, Nakamura alihitaji sare tu raundi ya mwisho ili ashike nafasi ya pili. Akafungwa na Ding. Baadaye Carlsen akakataa kutetea taji, na nafasi ya pili ikageuka tiketi ya fainali ya dunia. Mchezo mmoja, na historia ikapinda.

Kwa hiyo mimi siangalii nani ana pointi nyingi za viwango. Naangalia mambo mawili. La kwanza, nani anaweza kufungwa leo na kesho akaja ametulia. La pili, nani ana ujasiri wa kutafuta ushindi dhidi ya wale wa chini, maana wakubwa kwa wakubwa mara nyingi hutoka sare.

Kwa vipimo hivyo, namweka Caruana wa kwanza, kwa uzoefu. Lakini ukiniuliza nani wa kuvuruga kila kitu, nakutajia Sindarov bila kufikiri mara mbili. Nakamura namuona kwenye tatu bora, si juu ya hapo.

Na sisi wa Tanga?

Hapa ndipo stori inapotugusa. Pwani yetu haina uhaba wa vichwa. Bao la Kiswahili lina kete 64, na mchezaji mzuri wa bao anapiga hesabu ya mzunguko mzima kichwani kabla hajashika kete moja. Ubao wa chesi nao una miraba 64. Akili inayotakiwa ni ileile.

Tofauti iko kwenye ngazi. Ukishinda mara elfu kijiweni au kwenye simu, FIDE hawakujui. Ili upate namba yako ya kwanza ya viwango unahitaji michezo mitano dhidi ya watu ambao tayari wana viwango, kwenye mashindano yaliyosajiliwa na yenye mwamuzi anayetambuliwa. Na kiwango cha chini kabisa kinaanzia 1400. Kijana wa Muheza au Pangani asiye na mashindano ya aina hiyo karibu anaweza kuwa hatari kweli kweli na bado kwenye orodha ya dunia asiwepo.

Waganda wameonyesha njia. Phiona Mutesi alitoka Katwe, mtaa wa hali ya chini Kampala, akacheza Olimpiadi ya chesi, na mwaka 2016 maisha yake yakawa filamu aliyoigiza Lupita Nyong'o. Yeye alianza na kocha na ubao kwenye programu ya watoto ya mtaani.

Angalia na Uzbekistan. Mwaka 2022 walipeleka timu ya vijana kwenye Olimpiadi ya Chennai, Sindarov akiwemo, wakarudi na dhahabu. Miaka mitatu baadaye kijana huyohuyo ana Kombe la Dunia. Watoto wa nchi ile waliandaliwa mashindano tangu wadogo, mwaka baada ya mwaka.

Septemba mwaka huu Olimpiadi inachezwa Samarkand, na kila nchi mwanachama wa FIDE inaruhusiwa kupeleka timu. Candidates ni ya watu wanane, ila huo mlango mwingine uko wazi kwetu pia. Tanga tukipata mashindano mawili tu ya viwango kwa mwaka, tutaanza kujua nani tunaye.

Kwa sasa andaa bando. Kuanzia Machi 29, Cyprus wakishasogeza saa zao mbele, saa yao na yetu inakuwa moja, kwa hiyo hukeshi. Ukiweza, nenda na simu kijiweni uwawekee wazee waone. Watakuambia nani anashinda kabla ya raundi ya tatu. Mimi nimeshasema Caruana. Wewe unampa nani?