Tusivute Shingo za Wenzetu



Hapa Bunia na kule kwenye machimbo ya Mongbwalu, mtu akiumwa shingo upande mmoja, mara nyingi huenda kwanza kwa jirani anayejua kuivuta mpaka ilie. Kwa maoni yangu, desturi hii inafaa tuiache.

Kila upande wa shingo kuna mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ubongo. Ukiugusa polepole, utausikia unapiga. Maumivu mahali hapo mara nyingi ni ya misuli iliyochoka kwa kubeba magunia, au ya matezi yaliyovimba kwa sababu ya koo au jino bovu. Lakini pengine ni mshipa wenyewe: umevimba, au ukuta wake umechanika kwa ndani. Kuuvuta au kuukanda kwa nguvu kunaweza kuleta kiharusi.

Basi, njoo dispensari tukupime tansio na kukutazama koo. Maumivu yakianza ghafula, na kichwa kikauma sana, kope ikalegea, mdomo ukapinda, mkono ukakosa nguvu au ulimi ukawa mzito, usingoje saa ya kutoka kazini. Mwenzako akupeleke hospitali mara moja.