Kabla ya Kumwagiza Mjomba Kindle



Ndugu wasomaji, likizo zinapokaribia na jamaa zetu walioko ughaibuni wanapojiandaa kuja nyumbani, maagizo huanza kumiminika. Zamani ilikuwa viatu na simu. Siku hizi, katika familia zenye watoto wa sekondari na vyuo, jina moja linazidi kujitokeza: Kindle. Kijana anamweleza mama yake kwamba kifaa hiki hakichoshi macho kama simu, chaji yake inakaa wiki kadhaa, kinabeba vitabu maelfu, na kule Marekani kile cha chini kabisa kilitoka mwaka 2024 kwa dola 110 hivi. Mama akilinganisha na bei ya simu ya maana, anaona si haba. Mjomba anapigiwa simu.

Sina nia ya kumkatisha tamaa kijana huyo, kwani anayoyasema ni kweli. Ila hiyo bei anayoitaja ina historia, na asiyeijua atadhani ananunua kifaa, kumbe anajiandikisha kuwa mteja wa duka moja.

Tuanze na kioo chenyewe. Kinachofanya vifaa hivi vitofautiane na simu ni wino wa elektroniki, chembe ndogo sana nyeusi na nyeupe zinazopanda na kushuka kwa nguvu ya umeme. Ukurasa ukishajipanga hauhitaji umeme tena mpaka ugeuzwe, ndiyo maana chaji inakaa. Teknolojia hii ilitoka kwa watu wa chuo cha MIT, waliounda kampuni ya E Ink mwaka 1997. Mwaka 2009 kampuni hiyo ikanunuliwa na Wataiwan. Mpaka leo karibu kila kifaa cha kusomea unachokisikia, kiwe Kindle, Kobo, Nook au PocketBook, kioo chake kinatoka kwao. Kwa hiyo washindani hawa wote wanachota kisima kimoja, jambo ambalo matangazo yao hayalitaji.

Cha kwanza kuuzwa chenye kioo hicho kilikuwa Librie cha Sony, Japani, mwaka 2004. Kilikuwa kifaa kizuri, lakini vitabu vyake vilifutika baada ya siku 60. Yaani unalipia kitabu, ukichelewa kukimaliza, hakipo. Wajapani hawakukipokea, na sidhani kama kuna wa kuwalaumu.

Kisha Novemba 2007 Amazon wakatoa Kindle kwa dola 399. Kiliisha sokoni kwa saa tano na nusu. Kilikuwa ghali mno kwa mtu wa kawaida, lakini kilikuja na kitu ambacho Sony hawakuwa nacho: duka kubwa la vitabu ndani ya kifaa chenyewe, na mtandao wa kushushia vitabu ambao msomaji hakuulipia. Vitabu vipya vilivyotamba waliviuza dola 9.99, na vingi kati ya hivyo wao wenyewe walivinunua kwa wachapishaji kwa bei ya juu zaidi ya hapo. Walikuwa wanapata hasara kwa makusudi, na mfanyabiashara mkubwa akikubali hasara kwa hiari, ujue kuna anachokinunua.

Mwaka 2009 wakashusha bei mara mbili, hadi dola 259, na mwisho wa mwaka duka la vitabu la Barnes & Noble likaingia na kifaa chake, Nook, kwa dola 259 hizo hizo. Siku ya tarehe 21 Juni 2010 Barnes & Noble wakatangaza Nook ni dola 199, na nyingine isiyo na laini ya simu dola 149. Amazon hawakungoja kesho. Siku hiyo hiyo wakashusha Kindle kutoka 259 hadi 189. Miezi miwili baadaye kukawa na Kindle ya dola 139. Septemba 2011 ikatoka ya dola 79. Katika miaka minne isiyotimia, kutoka 399 hadi 79! Wale tuliozoea kuona bei za bidhaa zikipanda tu, hili ni la ajabu.

Lakini ile ya 79 ilikuwa na sharti. Kila ukiizima, kioo kinakuonesha tangazo. Asiyetaka matangazo alilipa 109. Hadi leo Kindle nyingi za bei ya chini zinauzwa hivyo, na ukitaka matangazo yaondoke unaongeza kama dola 20. Matangazo yenyewe mara nyingi ni majalada ya vitabu vya dukani kwao, riwaya za mapenzi zikiwemo, na picha zake nyingine huwezi kuziacha mezani sebuleni mbele ya wageni. Mzazi anayemnunulia binti wa miaka kumi na mbili alijue hili kabla, maana mjomba akitafuta cha bei rahisi ndicho atakachokikuta.

Mwaka 2012 Jeff Bezos mwenyewe alieleza wazi kwamba vifaa hivyo wanaviuza kwa gharama ya kuvitengeneza bila faida, na kwamba faida wanaitaka mtu anapokitumia kifaa, si anapokinunua. Hakuna kilichofichwa hapo. Sisi wa huku tunaijua biashara hii vizuri sana. King'amuzi kinauzwa kwa bei ya kutupwa, halafu kila mwezi unalipia vipindi. Simu inatolewa rahisi, kumbe imefungwa haikubali laini nyingine. Tofauti ni kwamba king'amuzi kikikuchosha unakiweka juu ya kabati na hasara yako ni hiyo tu, ila maktaba uliyoijenga miaka kumi ndani ya kifaa kimoja huwezi kuihamishia kingine, kwa sababu vitabu vingi vya wachapishaji wakubwa vimetiwa kufuli linalofunguka kwenye vifaa na programu za duka lile lile tu. Ukitaka kuhamia Kobo, unaanza upya. Ukiwa umeshanunua vitabu vya dola 500, punguzo la dola 20 kwa mshindani halikusaidii kitu.

Hapo ndipo ushindani ulipofia, kwa maoni yangu. Wengi hudhani aliyeshinda vita vya bei ni mwenye kifaa bora. Nionavyo mimi, aliyeshinda ni yule aliyewafungia wasomaji ndani mapema. Borders, duka kubwa la vitabu la Marekani lililokuwa likiuza Kobo, lilifilisika mwaka 2011. Sony, waliotangulia wote, walijitoa mwaka 2014 na wateja wao wa Marekani na Kanada wakakabidhiwa kwa Kobo. Nook ilifunga duka lake la Uingereza mwaka 2016. Kobo yenyewe, ya Kanada, ilinunuliwa na Rakuten ya Japani kwa dola milioni 315, na ndiyo inayoendelea kumpa Amazon upinzani wa kweli.

Na bei je? Kindle ya chini kabisa ilibaki karibu na dola 80 kwa miaka kadhaa. Mwaka 2019 ikawa 90, mwaka 2022 ikawa 100, na ile mpya ya 2024 ikawa 110, zote zikiwa za matangazo. Tuwe waadilifu: dola ya 2011 si dola ya 2024, na tangu 2019 kifaa hicho kina taa ya kusomea gizani ambayo hakikuwa nayo. Lakini ile kasi ya kushuka iliyotufurahisha haikurudi tena baada ya washindani kupungua.

Wachapishaji nao walijaribu kujitetea dhidi ya ile dola 9.99, na waliolipa ni wasomaji. Apple walipoleta iPad mwaka 2010, walikubaliana na wachapishaji watano wakubwa kwamba bei zipangwe na wachapishaji, na vitabu vingi vipya vikapanda hadi dola 12.99 na 14.99. Serikali ya Marekani ikawashitaki mwaka 2012. Apple wakashindwa mahakamani 2013, na mwishowe wakalipa dola milioni 450. Kifaa kikishuka, kitabu kinapanda. Ndiyo maana nasema bei ya kifaa peke yake haikwambii chochote.

Sasa tuje kwenye neno "kununua". Julai 2009 watu wa Marekani waliamka wakakuta vitabu viwili vya George Orwell, kimojawapo kile cha 1984 kinachosimulia serikali inayofuta maandishi, vimefutwa ndani ya Kindle zao. Aliyevipandisha dukani hakuwa na haki navyo. Fedha zilirudishwa na Bezos akaomba radhi, lakini watu walishaona kwamba mkono wa muuzaji unafika hadi kwenye rafu ya mnunuzi. Microsoft walipofunga duka lao la vitabu mwaka 2019, vitabu vyote vilivyonunuliwa humo viliacha kufunguka. Walirudisha fedha, naam, lakini kitabu ulichokiwekea alama na maelezo yako pembeni, hukioni tena. Duka la Kindle la China nalo lilifungwa Juni 2023. Na mwisho wa Februari 2025 Amazon waliondoa njia iliyomruhusu mteja kushusha vitabu alivyovinunua na kuvihifadhi kwenye kompyuta yake. Jimbo la California limetunga sheria, iliyoanza kazi Januari 2025, kwamba muuzaji asitumie neno "nunua" kwa bidhaa hizi bila kumweleza mteja kuwa anapewa leseni tu.

Mafaqihi wana maneno mengi juu ya kuuza kitu huku muuzaji akibaki amekishika, hayo nawaachia masheikh wetu. Mimi nataka tufikirie jambo la nyumbani. Ni wangapi kati yetu tumesoma kwenye vitabu vya babu, vyenye jina lake kwa mkono ukurasa wa kwanza? Ni madrasa ngapi zina kabati la vitabu vya wakfu vilivyotoka kwa mtu aliyekwishafariki? Kitabu cha leseni masharti hayaruhusu kukirithisha wala kukitia wakfu, na kukiazima kwa jirani ni shida. Anayetaka maktaba ya familia anunue vya karatasi, na kifaa akiweke kwa mambo mengine.

Na mambo mengine yapo mengi. Kipo kinachosomeka bure na kihalali: Project Gutenberg, iliyoanzishwa 1971, ina vitabu makumi ya maelfu ambavyo haki zake zimekwisha, na havina kufuli. Kindle inapokea faili za EPUB ukizituma kupitia huduma yao tangu 2022, na faili zako mwenyewe bado unaweza kuziingiza kwa waya. Kobo na PocketBook husoma EPUB moja kwa moja. Jamaa walioko Kanada na Uingereza wajue pia kwamba kuazima vitabu vya maktaba za umma kwenye Kindle ni kwa walioko Marekani tu, wakati Kobo inafanya hivyo na nchi nyingine nyingi. Kobo pia wameanza mwaka 2024 kutoa vipuri na maelekezo ya kurekebisha baadhi ya vifaa vyao.

Kwa mwanafunzi, swali la kwanza liwe: utasoma nini humo? Kama ni riwaya na vitabu vya maneno matupu, kifaa cha inchi sita kinatosha na atakifurahia. Kama ni nukuu za mhadhiri za PDF, au kitabu cha Kiarabu kilichopigwa picha ukurasa kwa ukurasa, ajiandae. Ukurasa mkubwa ukibanwa kwenye kioo kidogo herufi zinakuwa kama chawa, na ukizikuza unabaki kusogeza huku na kule. Vipo vya inchi kumi, lakini bei yake ni ya juu zaidi kwa mbali, na hapo tableti ya kawaida inaanza kuwa na maana zaidi.

Tena kioo hiki ni dhaifu. Nyuma ya wino huo mara nyingi kuna kigae chembamba cha glasi, na mtoto akikikalia kwenye kochi, kazi imekwisha. Shirika la Worldreader, lililoanza kupeleka Kindle mashuleni Ghana mwaka 2010 na Kenya mwaka uliofuata, lilikutana na tatizo hilo mapema, vioo vingi vikavunjika. Baadaye shirika hilo lilielekeza nguvu zake kwenye simu, kwa kuwa simu tayari iko mkononi mwa mzazi. Hilo nalo lipimwe kabla ya kutoa dola mia.

Mkiishaamua kununua, kuna jambo dogo la kumkumbusha mjomba. Kindle inayoagizwa kwa akaunti yake ya Amazon kwa kawaida hufika ikiwa imeshasajiliwa kwa jina lake, na kitufe cha kununua kitabu kinachukua fedha kwenye kadi yake kwa mguso mmoja tu, bila kuuliza mara ya pili. Wakati wa kulipia aweke alama kuwa ni zawadi. Na kama imeshafika na jina lake, aiondoe kwenye akaunti yake kabla mtoto hajaishika.