Fildi ya wiki nane, nauli ya nani?

Haya wadau, msimu umefika. Ukipita vimbwetani jioni hizi utakuta huyu kainamia simu anasoma tangazo la ufadhili, yule kashika bahasha ya kaki anawaza barua ya fildi aipeleke wapi. Mie nasoma sayansi ya mazingira hapa SUA, mwaka wa pili, na nina la kusema juu ya mambo hayo mawili kwa sababu naona watu wanayatenganisha wakati yamefungwa kamba moja.

Tuanze na ufadhili. Kwenye groupu la darasa matangazo hayakauki. Sasa yafungue usome mpaka chini. DAAD wa Ujerumani wanaosomesha watu hapa hapa Afrika: uzamili na uzamivu. Chevening ya Uingereza: uzamili, tena uwe na saa 2,800 za uzoefu wa kazi. Samia Scholarship, iliyoanza mwaka wa masomo 2022/23, hiyo kweli ni ya shahada ya kwanza, ila inawachukua walioongoza kwenye tahasusi za sayansi kidato cha sita. Kama matokeo yako yalikuwa ya kawaida kama yetu wengine, habari yako iliishia pale pale. Inabaki bumu. Sibezi bumu, wadau, maana bila Bodi ya Mikopo iliyoanza kazi 2005 wengi wetu tungekuwa nyumbani, na posho ya chakula na malazi ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Lakini mkopo ni mkopo. Siku ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara.

Rudi kwenye zile saa 2,800, hapo ndipo penye utamu. Kwa saa nane kwa siku ni siku 350 za kazi. Fildi yetu ya wiki nane, siku tano kwa wiki, ni saa 320 tu. Na hata hizo 320 Chevening hawazihesabu, kwa sababu mafunzo yaliyo sehemu ya lazima ya shahada hayaingii. Kwa hiyo utazipata wapi? Watakwambia jitolee. Sawa, nani anaweza kujitolea mwaka mzima bila senti? Yule mwenye mjomba Arusha wa kumlaza na kumlisha. Mtoto wa mkulima wa Kilosa au Namtumbo, ambaye ndiye aliyeona kwa macho yake mto unavyokauka, akimaliza chuo anatakiwa nyumbani atume hela. Mwisho wa siku wataalamu wetu wa mazingira watakuwa ni wale tu waliokuwa na pa kulala mjini.

Kuna wenzangu wanasema vijana wavivu tu, ukitafuta utapata. Hapana jamani. Mwenzangu wa chumba mwaka jana alitafuta, akapata kwenye mradi mmoja wa uhifadhi huko kaskazini. Barua nzuri, yenye nembo ya rangi. Aya ya mwisho: mwanafunzi atajitegemea usafiri, chakula, malazi na bima. Akaipiga hesabu, akaikunja. Akaenda ofisi moja jirani na kwao, na kwa wiki nane akapanga mafaili na kutumwa maji ya kunywa. Kitabu cha fildi kikajazwa, sahihi na mhuri vikapigwa, alama zikaja nzuri tu. Ila ukimuuliza namna ya kupima tope kwenye maji ya mto atakwambia aliyaona kwenye desa.

Na hii inatokea Morogoro! Milima ya Uluguru ipo hapo juu, sehemu ya Tao la Mashariki. Mto Ruvu unaanzia huko, na maji yake ndiyo yanayonywewa Dar. Bwawa la Mindu linalohudumia mji huu linaingia tope linaloshuka kutoka mashambani. Wenzetu wa misitu angalau chuo kina misitu yake ya mafunzo, Olmotonyi na Mazumbai. Sisi maabara yetu ni nchi nzima, kinachokosekana ni nauli.

Hoja yangu basi ni hii. Tanzania ina mabonde tisa ya maji, na kila bonde lina ofisi. Wami/Ruvu iko hapa Morogoro, Pangani iko Moshi, Rufiji iko Iringa, na mengine mpaka Kigoma na Mwanza. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 nayo inataka kila halmashauri iwe na afisa mazingira. Yaani karibu kila mwanafunzi ana sehemu ya kujifunzia isiyo mbali sana na kwao. Wafadhili wanaopenda kuandika jina lao kwenye mazingira waweke posho pale. Shilingi 10,000 kwa siku kwa siku 56 ni 560,000. Wanafunzi mia moja ni milioni 56. Wanaoandaa warsha hotelini wanajua hela hiyo ni ya ukubwa gani.

Najua atatokea mtu aseme anayelipwa hana mapenzi na mazingira. Mbona daktari aliye mafunzoni hospitali anapewa posho na hatusemi hapendi wagonjwa?

Kwa sasa, wakati posho haipo, fanyeni hivi. Barua zipelekeni mapema kabla ya mitihani, na msiandike tu "naomba nafasi ya mafunzo". Taja kazi: kupima mtiririko wa maji, kuchora ramani, kuhesabu miti kwenye vyanzo. Anayejua unachotaka ni vigumu kukupa mafaili. Ulizeni pia kuhusu nauli, kwa maandishi na kwa adabu, wakikataa wakatae wao. Na yeyote anayedai ada ya fomu ya skolashipu, futa namba yake. Mimi barua yangu ya bonde nimeiandika jana, kesho asubuhi kabla ya kipindi cha takwimu napanda daladala kuipeleka.