Kanisa Dogo katika Uwanda Mpana: Kuhusu Chapa ya Rembrandt ya Mwaka 1651

Mhakiki wa Kiswahili aliyelelewa katika mazoea ya fani na maudhui, akiwekewa picha yenye kanisa, huuliza kwanza kanisa hilo linasema nini. Chapa ya Rembrandt ya mwaka 1651, inayoonyesha shamba la Saxenburg karibu na Haarlem, Uholanzi, hailijibu swali hilo. Kanisa la kijiji cha Bloemendaal, na hata kanisa kuu la Mtakatifu Bavo, ni mikwaruzo michache tu kwenye upeo wa macho. Kinachotawala ni uwanda wenyewe, pamoja na vitambaa vya kitani vilivyotandazwa nyasini ili vipauke. Mbingu ni karatasi tupu. (Mwenye shamba, Christoffel Thijs, alikuwa akimdai Rembrandt fedha za nyumba yake ya Amsterdam, wapenda maudhui wangefaidika zaidi kuanzia hapo.)

Mtazamaji wa Mbweni, kaskazini ya Dar es Salaam, hahitaji kufafanuliwa utupu huo. Maji yakupwapo, mikoko ikabaki ukanda mwembamba baina ya tope na mbingu, huona jinsi ubapa wa nchi unavyokidogosha kila kilichosimama. Ugeni wa picha hii uko katika utengenezaji wake.

Wanafunzi wengi huiita "mchoro", kisha huihukumu kama kazi ya penseli. Kumbe bamba la shaba lilipakwa nta, likachorwa kwa sindano, likatiwa tindikali iliyokula mistari, ndipo likapakwa wino na kukandamizwa karatasini. Mahali pengine sindano iliikwaruza shaba yenyewe. Kingo za mikwaruzo hiyo hushika wino na kutoa kivuli laini kama mahameli, ambacho hufifia baada ya nakala chache. Aidha, uchapaji hugeuza kushoto kuwa kulia. Asiyelijua hilo atamlaumu msanii kwa kukosea jiografia.

Kiswahili hakikupungukiwa. Kwa mafundi wa milango ya Pwani, kuchora ni kuchimba ubao kwa patasi. Maana hiyo, iliyofifishwa na penseli za shuleni, ndiyo hasa inayohitajika hapa. Tena wasanii wa Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa Dar es Salaam katika miaka ya 1970, walikwishatumia mabamba na tindikali. Inashangaza kwamba wahakiki wao bado wanaandika kana kwamba kazi hizo zilichorwa kwa kalamu.